Akiba yako inalipiwa na nani?

Swali limetoka kwa msomaji wa Pasua, Moshi. Nimelifupisha kidogo, maneno ni yake.

"Shikamoo Mama. Nina miaka 36, nina mke na watoto wawili. Natunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mshahara 480,000. Mke wangu anauza mitumba Kiborloni. Mimi ni mtu wa kubana pesa. Sinywi, sivuti, nguo nanunua mara moja kwa mwaka. Naacha 4,000 mezani kila asubuhi na nyumba inakula vizuri. Kwa miaka minne nimenunua kiwanja upande wa Boma Ng'ombe na benki nina 2,800,000. Kwetu ni Kibosho, tuko wavulana wanne, mimi wa tatu. Kaka mkubwa, ambaye ndiye aliyenilipia ada kidato cha tatu na cha nne, hanisemeshi tangu nilipochangia 20,000 kwenye harusi ya binti yake. Siku yenyewe nilifika ukumbini saa kumi, nikala, nikarudi. Marafiki hawanipigii tena. Mwezi uliopita nimegundua mke wangu anadaiwa 340,000 na sikuwa na habari. Sasa nimemwambia mama kwamba Krismasi hii hatupandi Kibosho, tunanunua matofali. Akajibu 'sawa' akakata simu. Je, kubana pesa ni kosa? Kwa nini watu wanamchukia mtu anayejitafutia maisha?"

Marahaba, mwanangu.

Kubana pesa si kosa. Naanza na hilo ili usome yanayofuata bila kujikunja. Mtu wa mshahara wa 480,000 aliyenunua kiwanja bila kukopa amefanya jambo ambalo wengi wenye mshahara mara tatu ya huo hawajalifanya. Nimekaa zaidi ya miaka 20 kwenye chumba cha mikopo cha SACCOS hapa mjini, nawafahamu.

Lakini mtu akinieleza jinsi anavyobana, huwa namuuliza swali moja: hiyo akiba inalipiwa na nani? Ukiacha bia, umelipia wewe. Ukivaa shati lilelile miaka mitatu, umelipia wewe, na hapo hakuna wa kukunyooshea kidole. Ila iko akiba nyingine ambayo ukiitazama kwenye simu inaonekana ni yako, kumbe imetoka kwa mwenzio: kwa rafiki aliyelipa soda zako, kwa kaka aliyebeba sherehe peke yake, kwa mke aliyeongezea unga. Unauliza kwa nini watu wanakuchukia. Naona wamechoka kulipia.

Tuanze na mkeo, maana huko ndiko moto unakowaka.

Mko wanne, na 4,000 ni shilingi 1,000 kwa kichwa kwa siku. Humo kuna unga, mafuta ya kula, mboga, sukari ya chai, mkaa, sabuni na kalamu ya mtoto iliyopotea shuleni. Wewe unashinda unahesabu mifuko ya saruji. Hesabu hii haiwezi kukupita. Fedha hiyo haifanyi mambo yote hayo na nyumba ikala vizuri. Kuna mtu anaongeza. Tuseme anaongeza 2,000 tu kwa siku kutoka kwenye mauzo yake. Kwa mwezi ni 60,000. Kwa mwaka 720,000. Kwa miaka yako minne ni 2,880,000. Sasa rudi kwenye barua yako mwenyewe usome benki una kiasi gani.

Sisemi umemwibia. Hukujua, naye hakusema. Na kutosema kwake kuna sababu ambayo wanawake wengi wamenieleza wakiwa wamekaa mbele ya meza yangu, karibu kwa maneno yaleyale: ukiomba ya kuongezea, unaulizwa, "Ya jana umefanyia nini?" Mara ya kwanza unaeleza. Mara ya pili unaeleza kwa sauti ya chini. Mara ya tatu unaona bora ukakope kwa mtu baki, kwa sababu yule ataandika jina lako na hatakuuliza kuhusu nyanya. Hapo ndipo mume anaanza kuishi na mwanamke mwenye siri, na siri yenyewe ni chakula alichokula yeye.

Mikopo inayopatikana haraka kwa mama wa mitumba ni ile ya marejesho ya kila siku, ambayo mtaani tumeipa jina la kausha damu, na jina linatosha. Chukua mfano: anapewa 200,000, anarejesha 10,000 kila siku kwa siku 26. Jumla 260,000. Riba ni 60,000, yaani asilimia 30 ndani ya mwezi mmoja. Mvua ikinyesha siku mbili wateja hawaji, lakini rejesho halijui mvua. Anakopa kwa mwingine ili amlipe wa kwanza. Wakati huohuo fedha yako imelala benki ikizaa kidogo mno. Tazama nyumba yako ilivyo: mkono wa kulia unaikopesha benki karibu bure, mkono wa kushoto unakopa kwa asilimia 30. Hiyo siwezi kuiita nyumba inayobana matumizi, hata kama baba hanywi wala havuti.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya tofali hata moja: toa 340,000, ongozaneni wote wawili, mlipe, mchukue maandishi kwamba deni limekwisha. Usimpe kama faini. Usimpe kama fadhila. Na siku mtakapogombana, maana mtagombana, deni hilo lisitajwe.

Halafu kaeni na daftari. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wewe daftari unalo, nina hakika, lakini lina mwandiko mmoja. Mwezi mmoja mzima mwache yeye aandike kila kinachoingia jikoni, bei yake na nani aliyetoa. Mwisho wa mwezi msome pamoja, mpange upya fedha ya nyumbani kutokana na kilichoandikwa, si kutokana na unachotamani kubakiza. Na kila mmoja wenu abaki na hela kidogo isiyoulizwa. Hata 20,000 kwa mwezi. Mtu mzima anayefanya kazi akiwa hana hata shilingi moja asiyoitolea maelezo, atajifunza kuficha.

Kuhusu kiwanja: kiko kwa jina la nani? Barua yako inasema "nimenunua". Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, sheria ileile ambayo kwayo mume ana wajibu wa kumpa mke chakula, mavazi na malazi kulingana na uwezo wake, inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa ya kumiliki mali. Na tangu mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikwishaamua kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Wa kwako ameweka kazi na fedha vilevile. Sikuandikii hili kukutisha na talaka. Nakuandikia kwa sababu niliwahi kumhudumia mjane ambaye mumewe alikuwa mtu wa kubana kama wewe, mwaminifu kabisa, aliyekuwa akiwawekea wanawe. Alikufa kwa ajali. Mama yule hakujua mumewe aliweka fedha wapi, wala mkataba wa shamba uko sanduku gani. Benki haitoi fedha ya marehemu mpaka mahakama imthibitishe msimamizi wa mirathi, na huwezi kusimamia mali usiyojua iko wapi. Wanawe walikaa nyumbani muhula mzima ilhali ada yao ilikuwa ndani ya mji huuhuu. Alikuwa amewaficha waliokuwa wanawekewa. Andikeni majina mawili kwenye makaratasi ya kiwanja, na mkeo ajue benki, tawi na lilipo kila karatasi.

Nije kwa kaka.

Hapa nataka twende polepole, kwa sababu umeandika jambo kubwa katikati ya sentensi kama vile ni dogo: ndiye aliyekulipia ada. Ukihesabu umri wako, ulikuwa sekondari miaka ambayo ada ilikuwepo. Elimu bila ada hadi kidato cha nne ilianza mwaka 2016, wewe ukiwa umeshamaliza. Na mlimani kwenu Kilimanjaro miaka ile watu walikuwa bado hawajasahau namna bei ya kahawa ilivyoanguka mwanzoni mwa miaka ya 2000, wengine wakang'oa mibuni iliyosomesha ukoo mzima. Kijana wa Kibosho aliyemlipia mdogo wake ada wakati huo alikuwa na yake aliyoyaacha. Pengine ni kiwanja. Pengine ni kuoa mapema. Akiba yake ilikulipia wewe.

Kwa hiyo ile 20,000 yeye hakuiona kama fedha ndogo. Aliiona kama jibu.

Wengi mnaobana mnauona mchango wa harusi kama hela ya kulisha watu ukumbini. Nausema mchango huu kama mtu wa akiba na mikopo: ni benki isiyo na dirisha. Kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, kuna kadi, kuna ahadi na tarehe ya mwisho, na baada ya sherehe kuna daftari linalohifadhiwa kabatini. Siku ya mwenzio likifunguliwa daftari hilo, watu wanatazama nani alifika na nini. Mwenye msiba, mwenye mgonjwa, mwenye kijana wa kuoa, wote wanachota humo. Wewe ulipooa, nani walikaa kwenye kamati yako? Chukua daftari la harusi yako leo jioni, lisome jina kwa jina, weka alama kwa kila mtu ambaye wewe nawe umeshamfuata kwenye shughuli yake. Hiyo ndiyo taarifa ya akaunti yako ya pili, na naona una deni huko pia.

Nikiri kwamba shughuli zenyewe zimezidi, na hili silisemi chini chini. Kipaimara, Komunyo ya Kwanza, kitchen party, send-off, harusi, kuzaliwa kwa mtoto, kila moja na kadi yake na kiwango chake: 50,000 mtu mmoja, 100,000 wawili. Kamati inayompangia mtu wa mshahara mdogo kiwango cha chini inamfukuza kwa adabu, na mimi sikubaliani nayo. Huna wajibu wa kutoa kila kadi inapofika. Panga mwaka mzima Januari, useme mwaka huu fungu la watu ni kiasi hiki. Misiba ichukue nafasi ya kwanza, maana msiba haupangiwi. Wanaofuata ni ndugu wa tumbo moja na watoto wao, halafu wale walioandikwa kwenye daftari lako. Waliobaki waambie mapema, "Safari hii sitaweza, nawatakia heri." Mweka hazina yeyote atakwambia kwamba anayekataa mapema hamsumbui, anayemtesa ni mtu wa ahadi ya laki inayoishia kwenye simu isiyopokelewa.

Na kwa kaka, fedha haikuwa njia pekee. Ungeweza kukaa kwenye kamati. Ungeweza kupanda siku mbili kabla, ukakata ndizi, ukafunga maturubai, ukapokea wageni wa upande wa mume. Mtu anayetoa 20,000 na siku mbili za mwili wake hakuna wa kumwita mkono wa birika. Lakini ulifika saa kumi, ukala, ukarudi. Ulikwenda kama mgeni kwenye harusi ya mtoto ambaye wewe ni baba yake mdogo. Hilo ndilo lililomuuma, na linauma kuliko kiwango.

Sasa nikugeukie wewe mwenyewe, kwa sababu barua yako ina hofu ndani yake na naijua inakotoka. Wavulana wanne, wewe wa tatu. Kwa desturi ya Kichagga, kihamba cha nyumbani, yaani shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, huenda kwa kitinda mimba, mkubwa naye hupewa chake, na wa katikati huambiwa wakatafute. Zamani pori lilikuwepo. Leo vihamba vimegawanywa kizazi baada ya kizazi hadi vingine havitoshi nyumba na migomba pamoja. Mtoto wa katikati anakua akijua kwamba migomba anayoimwagilia si yake. Wengi wa hao ndio wafanyabiashara mnaowasikia Arusha, Dar es Salaam na kwingineko, na wengi wao ni wabanaji kama wewe. Hawakuzaliwa na uchoyo. Walikua wanajua kwamba wakianguka hawana pa kuangukia.

Je, umewahi kumweleza mtu hili? Mkeo anajua? Kaka anajua kwamba kiwanja cha Boma Ng'ombe kwako ndicho kihamba? Wao wanaona mtu anayenyima. Hawaoni mtu anayekimbia. Mwambie mkeo kwa maneno hayahaya, usiku watoto wakilala, ukiwa huna daftari mkononi. Mtu akijua unabana kwa ajili ya nini, hata kubana anabana pamoja nawe. Asipojua, kila shilingi unayoirudisha mfukoni anaona umemnyima yeye.

Marafiki nitawapitia haraka. Wapo waliokuwa marafiki wa meza, hao waache waende na bia zao, hujapoteza kitu. Na wapo wa kupiga mizinga kila mwisho wa mwezi. Kuwakatalia ni haki yako. Lakini jiulize kuhusu wale wawili au watatu wa kweli: mlipokuwa mnakaa, ni nani alikuwa akilipa? Ukigongea soda mara moja unachekwa, ukigongea mwaka mzima unaachwa bila kuambiwa. Mpigie mmoja wao. Usimsubirie baa ambako utaogopa bili. Mwite kwako Jumapili, ale mtori na watoto wako. Sufuria ya mtori ni bei ndogo kuliko meza moja ya nyama choma, na hakuna atakayekaa pale akihesabu zamu ni ya nani.

Imebaki Desemba na mama.

Mama wa mlimani akisema "sawa" na kukata simu, hajakubali. Wiki ya Krismasi nyumba za jirani zinajaa magari kutoka Dar es Salaam na Arusha, watoto wanaita bibi zao kutoka getini. Mwanaye yuko Pasua. Kutoka Pasua hadi Kibosho ni safari ya daladala, jirani zake wanalijua hilo. Wakimuuliza, "Huyu wa tatu vipi?", atajibu nini? Kwamba ananunua matofali?

Nimekupigia hesabu kwa fungu la 120,000: nauli ya wanne kwenda na kurudi, sukari na mchele wa mama, nyama, kitenge kimoja, na akiba kidogo ya sadaka na dharura. Wewe unajua bei ya matofali kuliko mimi. Fedha hiyo ukiipeleka Boma Ng'ombe ni ukuta ambao haufiki kimo cha dirisha. Matofali yatakuwepo Januari. Na usifikiri utapimwa kwa ulichobeba. Ukifika asubuhi ukashika panga, ukasafisha migomba ya mama, ukarekebisha banda la mbuzi ukitumia misumari ya bei ya dukani kwenu, umemletea kitu ambacho wa Dar es Salaam hawakuweka kwenye buti la gari. Mpigie leo. Usieleze mengi. Sema, "Mama, tunapanda." Mengine atayapanga yeye.

Kwa kaka usiende na bahasha. Bahasha itamfanya aone umekuja kujazia ile 20,000, na mtaanza kuhesabiana. Nenda na mkeo na watoto, na nenda na isale, ule mmea ambao Mchagga hupeleka akienda kuomba radhi. Mama anayo pembeni mwa kihamba, inaota mpakani kwenye kila nyumba ya mlimani, haiuzwi. Unajua maana yake: aliyeletewa isale hamfukuzi aliyeileta. Mpe, halafu zungumzia kidato cha tatu. Mwambie unakumbuka ni nani alilipa, na kwamba hujawahi kumshukuru ukiwa mtu mzima. Mwambie kuhusu kiwanja na hofu yako. Kama ana kijana anayesoma bado, uliza anasoma nini na muhula ujao unahitaji nini, ubebe kimoja unachokiweza: sare, au madaftari, au nauli. Kitu utakachokitimiza.

Anaweza kukaa kimya siku hiyo. Mwache akae kimya. Kama kuna mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kata, akikupa pokea na unywe hata funda moja, ingawa umesema hunywi. Na kama dini au afya haikuruhusu, ipokee kwa mikono miwili umpe mkeo.

Ila fika kwake kabla ya tarehe 24. Baada ya hapo nyumba yake itajaa wageni, atakuwa anachinja na kupokea watu, na jambo lenu halitapata pa kukaa.